Kukoroma na Gharama za Tiba Yake

  Walimu, tafadhali andikeni ubaoni maneno matatu: KUKOROMA, PUMZI, GHARAMA. Wanafunzi, wekeni kalamu na daftari karibu, kwa maana leo tutapiga hesabu.

Watu wengi hucheka wakisikia habari za kukoroma. Husema, "Fulani amelala usingizi wa pono." Lakini mtu anayekoroma kwa nguvu kila usiku pengine hakulala vizuri hata kidogo. Leo tutaeleza kwa nini, na tiba yake hugharimu nini.

KITU GANI HUTOKEA

Tukilala, misuli ya koo hulegea, na njia ya hewa huwa nyembamba. Hewa ikipita hapo, nyama laini za koo hutikisika na kutoa sauti. Huko ndiko kukoroma. Kukoroma tu, pasipo jambo jingine, husumbua jirani kuliko mkoromaji mwenyewe.

Lakini kwa watu wengine njia hiyo huziba kabisa. Kifua hujitahidi kuvuta hewa, na hewa haiingii. Kisha ubongo hushtuka, mtu huamka nusu, huvuta pumzi kwa kishindo kama aliyekabwa, halafu hulala tena. Asubuhi hakumbuki lolote. Huu ndio ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini.

Madaktari huhesabu pumzi inakatika au kupungua sana mara ngapi kwa saa moja. Kila mara ni lazima idumu sekunde 10 au zaidi. Kwa mtu mzima, chini ya mara 5 si neno. Mara 5 hadi 14 ni ugonjwa mwepesi. Mara 15 hadi 29 ni wa kadiri. Mara 30 na zaidi ni mkali.

Haya, pigeni hesabu. Mtu anakatika pumzi mara 30 kwa saa, naye analala saa 7. Je, ni mara ngapi kwa usiku mmoja?

(Kimya kidogo ili darasa lipige hesabu.)

Jibu ni mara 210. Ndiyo maana mtu huyo huamka amechoka kama aliyekesha.

DALILI ZAKE

Mgonjwa hajioni akiwa amelala. Shahidi ni mke, mume, au yeyote anayelala naye chumba kimoja. Shahidi huyo asikilize: je, mkoromo unakoma ghafla, pakawa kimya, kisha ukaanza tena kwa kishindo? Dalili nyingine ni kuumwa kichwa asubuhi, kuamka mara nyingi kwenda haja ndogo, kusahau, na kusinzia mchana hata mbele ya wageni.

Ugonjwa huu huandamana na presha, yaani shinikizo la damu, na maradhi ya moyo na kiharusi. Tena fikirini juu ya dereva wa basi aliyekatika pumzi mara 210 usiku, na asubuhi ameshika usukani akiwa na abiria 50 nyuma yake. Akisinzia kidogo tu, hasara yake haihesabiki kwa fedha. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

NGAZI ZA GHARAMA

Sasa tuje kwenye fedha. Tiba zina ngazi, kama ngazi za nyumba.

Ngazi ya kwanza haina bei. Lala ubavu, usilale chali. Acha pombe, hasa jioni, maana pombe hulegeza koo zaidi. Acha sigara. Usinywe dawa za usingizi bila kumwambia daktari kwamba unakoroma. Ukiwa mnene, punguza uzito. Mwaka 2000 wataalamu wa Wisconsin, Marekani, walitangaza matokeo ya kuwafuatilia watu kwa miaka kadhaa. Waliopungua uzito kwa asilimia 10, pumzi zao kukatika kulipungua kwa karibu asilimia 26. Hiyo si tiba kamili kwa kila mtu, lakini ni faida kubwa isiyotoka mfukoni.

Ngazi ya pili ni kupimwa. Mgonjwa hulala hospitali akiwa amefungwa nyaya za kupima pumzi, moyo na usingizi. Au hupewa kifaa kidogo akalale nacho nyumbani. Kipimo cha nyumbani ni cha bei nafuu. Huko Marekani aghalabu hugharimu dola mia kadhaa, na kile cha kulala hospitali mara nyingi hupita dola 1,000.

Ngazi ya tatu ni vifaa. Daktari wa meno anaweza kutengeneza kifaa cha kuvaa mdomoni, kinachovuta taya la chini mbele ili koo lipate nafasi. Hicho huwafaa zaidi wenye ugonjwa mwepesi au wa kadiri.

Kwa ugonjwa mkali, tiba inayotumika zaidi ni mashine ya kusukuma hewa. Zamani mgonjwa wa namna hii alitobolewa tundu shingoni ili apumue. Halafu daktari mmoja wa Sydney, Australia, jina lake Colin Sullivan, akabuni njia nyingine, akaitangaza mwaka 1981. Mashine yake ilisukuma hewa kwa mpira hadi puani, na nguvu ya hewa hiyo ikazuia koo lisizibe. Mashine za leo ni ndogo, hukaa juu ya meza kando ya kitanda.

Ngazi ya nne ni upasuaji na mitambo inayowekwa mwilini. Marekani iliruhusu mwaka 2014 mtambo unaosisimua mshipa wa fahamu wa ulimi. Pamoja na upasuaji wake hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Kwa watoto, mambo ni tofauti. Mara nyingi kinachoziba ni mafindofindo na vinyama vilivyo nyuma ya pua, na kuviondoa huweza kumponya mtoto.

NANI HULIPA

Bei ya mashine ya hewa huko Marekani mara nyingi ni kati ya dola 500 na 1,000. Bima ya serikali ya wazee, iitwayo Medicare, kwanza humpa mgonjwa majaribio ya wiki 12. Tiba ikimfaa, bima huendelea kulipa kodi ya mashine. Baada ya miezi 13 mfululizo mashine huwa mali ya mgonjwa. Bima hulipa asilimia 80, na mgonjwa asilimia 20, baada ya kutimiza kiasi anachotakiwa kujilipia kwanza kila mwaka. Tuseme bei iliyokubaliwa ni dola 800. Asilimia 20 ni dola ngapi? Naam, ni dola 160. Huko Uingereza, hospitali za serikali humwazima mgonjwa mashine bila malipo.

Basi kabla ya kununua, ulizeni bima yenu maswali haya. Je, mnalipia kipimo? Mnalipia mashine? Mnalipia barakoa, mpira na vichujio, ambavyo huchakaa na kuhitaji kubadilishwa?

Kuna na umeme. Tuseme mashine inatumia wati 40, nawe unalala saa 8. Kwa usiku mmoja ni wati 320 za saa. Kwa siku 30 ni 9,600, yaani karibu yuniti 10. Zidisha kwa bei ya yuniti moja ya kwenu. Ukiwasha sehemu ya kupasha hewa joto na unyevu, umeme huzidi. Na mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, weka na bei ya betri.

TAHADHARI MBILI

Kwanza, jihadharini na mashine za mitumba. Mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kwamba mamilioni ya mashine zake zirudishwe, kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele iliweza kuchakaa na mgonjwa akavuta vipande vyake. Ukiuziwa mashine iliyotumika, soma jina na namba yake, umwonyeshe daktari kabla ya kutoa fedha. Nguvu ya hewa nayo hupangwa kwa kila mgonjwa. Ya mwenzio huenda isikufae.

Pili, wako wauzaji wa dawa za kupulizia, vibanio vya pua na mikanda ya kidevu. Vitu hivyo pengine hupunguza sauti. Lakini sauti ikipungua na pumzi ikaendelea kukatika, umenunua kimya tu, na ugonjwa umebaki. Kwa hiyo andikeni sentensi hii kwa herufi kubwa: PIMA KWANZA, NUNUA BAADAYE.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kukoroma tu na pumzi kukatika usingizini hutofautianaje?
2. Mtu anakatika pumzi mara 18 kwa saa, naye analala saa 6. Ni mara ngapi kwa usiku? Ugonjwa wake ni mwepesi, wa kadiri au mkali?
3. Tajeni mambo matatu ya ngazi ya kwanza. Lipi ni gumu zaidi kwenu, na kwa nini?
4. Mke amesikia pumzi ya mumewe ikikatika, naye mume anakataa kwenda hospitali kwa kuogopa gharama. Mngemshauri nini?

Kazi ya nyumbani: mwulize anayelala karibu nawe jinsi unavyolala, uandike sentensi tano za majibu yake. Akisema pumzi yako hukatika, nenda hospitali ukaisome karatasi hiyo mbele ya daktari.

Kwaherini, na mlale salama.