Albamu bora ya roki: Kwa nini mashabiki hawaafikiani

MJADALA kuhusu albamu bora zaidi katika muziki wa roki umedumu kwa zaidi ya nusu karne bila kupata hakimu wa kuuamua.

Wapo mashabiki wanaoapa kwamba hakuna kilichowahi kuipiku Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, albamu iliyotolewa na The Beatles mnamo 1967. Wengine hawaambiliki kuhusu The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd ya 1973, ilhali kundi la tatu huitetea albamu ya nne ya Led Zeppelin ya 1971 kana kwamba linatetea shamba la urithi.

Mabishano ya aina hii si mageni kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Wapenzi wa rhumba nao wamezozana kwa miongo mingi kuhusu nani aliyekuwa bingwa kati ya Franco na Tabu Ley, na kila upande ungali na hoja zake.

Mara nyingi malumbano hayo hukatizwa kwa kauli moja: kila mtu na ladha yake. Kauli hiyo huleta amani, lakini hailijibu swali. Iwapo ladha ndiyo mwisho wa hoja, basi kazi ya wahakiki, tuzo na orodha zote ni bure, na msanii aliyesahauliwa kwa kuonewa hana pa kudai haki yake.

Ukweli ni kwamba wabishi huchanganya mambo mawili yaliyo tofauti: kukipenda kitu na kukihukumu kuwa bora. La kwanza halihitaji ushahidi. La pili linauhitaji.

Santuri iliyozaa mjadala

Ili kuelewa kinachogombaniwa, ni vyema kufahamu jinsi albamu ilivyopata hadhi yake. Kabla ya 1948, santuri za kawaida zilizozunguka mara 78 kwa dakika zilibeba takriban dakika tatu tu za muziki kwa kila upande. Mwaka huo kampuni ya Columbia ya Marekani ilizindua santuri ya kuzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, ambayo upande wake mmoja uliweza kubeba zaidi ya dakika 20.

Hata hivyo, kwa muda mrefu wanamuziki wa roki waliendelea kutegemea mauzo ya wimbo mmoja mmoja. Albamu ilikuwa kama kapu la nyimbo chache zilizovuma, pamoja na nyingine za kujaza nafasi.

Hali ilibadilika katikati ya miaka ya sitini. Rubber Soul ya The Beatles (1965) ilimchochea Brian Wilson wa kundi la Beach Boys la Marekani kuandaa Pet Sounds (1966). Naye Paul McCartney wa The Beatles amekiri kwamba Pet Sounds ilichangia pakubwa kuzaliwa kwa Sgt. Pepper mwaka uliofuata.

Kuanzia hapo albamu ilitazamwa kama kazi moja kamili. Mpangilio wa nyimbo, sauti zinazounganisha wimbo mmoja na mwingine, na hata picha ya jalada, vyote vikawa sehemu ya sanaa. Kazi iliyokusudiwa kusikizwa nzima ndiyo inayoweza pia kuhukumiwa nzima, na hapo ndipo mjadala ulipopata mizizi.

Vipimo tofauti, washindi tofauti

Sababu ya kwanza ya mashabiki kutoafikiana ni kwamba hawatumii kipimo kimoja.

Anayepima kwa mauzo na maisha marefu sokoni ana haki ya kuitaja The Dark Side of the Moon. Kati ya 1973 na 1988, albamu hiyo ilikaa kwa wiki 741 katika chati ya albamu 200 ya jarida la Billboard nchini Marekani.

Anayepima kwa ushawishi atataja kazi tofauti kabisa. The Velvet Underground & Nico, iliyotoka mwaka wa 1967, iliuza nakala chache ilipotolewa. Hata hivyo, wanamuziki wengi wa vizazi vilivyofuata waliiga ukavu wa sauti yake na ujasiri wa kuimba kuhusu maisha ya mitaani bila kuyapaka rangi.

Jarida la Rolling Stone la Marekani lilipochapisha orodha yake ya albamu bora 500 mnamo 2003, The Velvet Underground & Nico iliwekwa nafasi ya 13, nayo The Dark Side of the Moon ikawa ya 43. Shabiki wa Pink Floyd aliyekasirishwa na matokeo hayo hakuwa amekosea hesabu. Alikuwa akipima kwa pishi, wenzake wakipima kwa mizani.

Mwamba ngoma huvutia kwake

Sababu ya pili inahusu wanaopiga kura. Orodha hiyo ya 2003 ilitokana na maoni ya watu 273, wakiwemo wanamuziki, wahakiki na wadau wa sekta ya muziki. Sgt. Pepper iliongoza, na kati ya kumi za kwanza, nne zilikuwa za The Beatles na mbili za Bob Dylan. Msanii mweusi aliyepata nafasi humo alikuwa mmoja pekee, Marvin Gaye, aliyeshika nafasi ya sita kwa albamu ya What's Going On ya 1971. Hakukuwa na albamu hata moja ya msanii wa kike.

Mnamo 2020 jarida hilo lilipiga kura upya kwa kuwashirikisha zaidi ya watu 300. Safari hii What's Going On ilipanda hadi nafasi ya kwanza. Pet Sounds ilikuwa ya pili, na Blue ya Joni Mitchell, iliyotoka 1971, ikawa ya tatu. Stevie Wonder, Prince na Lauryn Hill waliingia katika kumi bora. Sgt. Pepper iliporomoka hadi nafasi ya 24.

Hakuna noti hata moja iliyokuwa imebadilika katika albamu hizo kati ya 2003 na 2020. Kilichobadilika ni waliopewa kalamu ya kupigia kura.

Kuna waliolalamika kwamba jarida lilifuata upepo wa siasa za wakati huo. Wengine walijibu kwamba orodha ya awali ndiyo iliyopendelea, ikizingatiwa kuwa roki yenyewe ilichipuka kutokana na muziki wa Wamarekani weusi kama vile Chuck Berry, Little Richard na Muddy Waters. Pande zote mbili zilithibitisha methali isemayo mwamba ngoma huvutia kwake.

Wahakiki nao huteleza

Sababu ya tatu ni kwamba hata masikio yaliyozoea kazi hiyo hayakubaliani, na hukumu ya mwanzo si lazima iwe ya mwisho.

Sgt. Pepper ilipotolewa, mhakiki Richard Goldstein wa gazeti la New York Times aliikosoa vikali, akazua ghadhabu miongoni mwa mashabiki. Mwaka wa 1969 Rolling Stone iliidharau albamu ya kwanza ya Led Zeppelin. Miaka 34 baadaye, jarida lilo hilo liliiweka nafasi ya 29 katika orodha yake.

Mfano ulio karibu zaidi na pwani ya Afrika Mashariki ni wa bendi ya Queen ya Uingereza. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka wa 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake ilihamia Uingereza mwaka wa 1964 baada ya mapinduzi ya Zanzibar.

Albamu yao ya A Night at the Opera ilitoka mwaka wa 1975. Wimbo wake uliovuma zaidi, Bohemian Rhapsody, una urefu wa karibu dakika sita, umechanganya roki na mtindo wa opera, na hauna kiitikio cha kawaida. Uliongoza chati ya Uingereza kwa wiki tisa, na ukaongoza tena baada ya Mercury kufariki Novemba 1991.

Licha ya hayo, baadhi ya wahakiki waliiona Queen kama bendi ya mbwembwe nyingi. Katika orodha ya 2003, A Night at the Opera iliwekwa nafasi ya 230. Kufikia 2020 ilikuwa imepanda hadi nafasi ya 128. Kile ambacho kizazi kimoja kilikiita mbwembwe, kingine kilikiita ubunifu.

Masikio ya ujana

Watafiti nao wamechunguza chanzo cha mapendeleo haya. Mnamo 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba binadamu huelekea kukipenda kitu kwa sababu tu amekutana nacho mara nyingi. Wimbo uliochezwa redioni kila asubuhi una faida ambayo wimbo uliofichwa kabatini hauna.

Aidha, utafiti wa Morris Holbrook na Robert Schindler uliochapishwa 1989 ulibaini kwamba watu huelekea kupenda zaidi muziki uliovuma walipokuwa na umri wa takriban miaka 23 na nusu. Kwa mantiki hiyo, aliyekuwa kijana 1973 na aliyekuwa kijana 1997 huenda wasikubaliane kamwe. Kila mmoja husikia muziki pamoja na ujana wake. Ukipenda, chongo huita kengeza.

Je, hii ina maana kwamba ubora haupo kabisa? Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2006 na Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts katika jarida la Science unatoa jibu la kati na kati.

Watafiti hao waliwapa zaidi ya watu 14,000 nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Baadhi yao walisikiza na kuchagua bila kujua chaguo la wenzao. Wengine waligawanywa katika makundi manane, na kila mmoja aliona idadi ya watu wa kundi lake waliokuwa wamechukua kila wimbo.

Katika makundi hayo, nyimbo zilizopendwa zilizidi kupendwa, lakini washindi walitofautiana kutoka kundi moja hadi jingine. Hata hivyo, nyimbo zilizokuwa bora kwa hukumu ya waliosikiza peke yao ni nadra zilifanya vibaya, nazo duni ni nadra zilishinda. Zilizokuwa katikati ziliweza kuishia popote.

Kwa maneno mengine, ubora upo na una uzito, ila umaarufu una sehemu yake ya bahati na kufuata mkumbo.

Ufunguo ndani ya pipa

Suala hili lilimshughulisha mwanafalsafa David Hume wa Scotland katika insha yake ya 1757 kuhusu kipimo cha ladha. Alitumia kisa kilichotoka katika riwaya ya Don Quixote, cha watu wawili walioitwa kuonja mvinyo wa pipa moja. Mmoja aliusifu, ila akasema una ladha kidogo ya ngozi. Mwenzake pia aliusifu, ila akasema una ladha ya chuma. Waliokuwapo waliwacheka wote wawili. Pipa lilipomalizwa, ufunguo uliofungwa kwa ukanda wa ngozi ulipatikana chini yake.

Funzo la Hume ni kwamba hisia ni za mtu binafsi, lakini mara nyingi husababishwa na kitu kilichomo ndani ya kazi yenyewe. Mjadala wenye faida ni ule unaoutafuta ufunguo huo.

Sgt. Pepper ni mfano mzuri. Mpinzani wake anaweza kusema kwamba wazo la bendi ya kubuni linalofungua albamu hiyo hurejea karibu na mwisho tu, na nyimbo nyingi za katikati hazihusiani nalo. Hoja hiyo inaweza kupimwa kwa kusikiza, na John Lennon mwenyewe alikiri baadaye kwamba nyimbo zake hazikuwa na uhusiano na wazo hilo.

Mtetezi naye anaweza kujibu kwamba umoja wa albamu hiyo umo katika sauti wala si katika kisa. Ataeleza jinsi The Beatles na mtayarishaji wao George Martin walivyotumia mitambo iliyorekodi njia nne tu za sauti, wakirundika sauti juu ya sauti. Ataelekeza masikio kwenye A Day in the Life, ambamo wapigaji 40 wa ala za okestra hupanda kutoka noti za chini hadi za juu, kisha wimbo ukafungwa kwa mlio wa piano unaofifia kwa zaidi ya sekunde 40.

Huenda wawili hao wasikubaliane, lakini kila mmoja ataisikia albamu hiyo vizuri zaidi kuliko alivyoisikia awali. Hiyo ndiyo faida ya ubishi wa aina hii, na kauli ya kila mtu na ladha yake huizima kabla haijapatikana.

Mashabiki wanaotaka kubishana bila kugombana wana mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, wakubaliane kuhusu kipimo: mauzo, ushawishi, ustadi au mshikamano wa kazi nzima. Pili, wataje kinachosikika katika muziki wenyewe badala ya sifa tupu. Tatu, asiyeifahamu kazi aisikize yote kabla ya kuihukumu.

Fauka ya hayo, hakuna anayepaswa kuona haya kwa kupenda albamu ambayo haimo katika orodha yoyote. Mapenzi hayaombi kura. Anayesema "naipenda" amemaliza maneno yake, ila anayesema "hii ndiyo bora" amefungua baraza na anadaiwa ushahidi.