GARI LA SENTIMITA 20



Sote tumewaona watoto wakitengeneza magari. Wanakunja waya, wanakata makopo, wanachonga ndala zilizochakaa wapate magurudumu. Sisi tunapita, tunacheka, tunasema, "Huo ni mchezo wa watoto."

Lakini huko Marekani wako wazee wa miaka 60 na 70 wanaofanya kazi inayofanana na hiyo. Wanakaa mezani, miwani puani, wanajenga magari madogo yasiyobeba mtu wala mzigo. Gari moja huweza kumchukua mtu miezi mizima. Je, wazee hawa wamerudi utotoni? Hapana. Hebu tueleze wanachofanya, kwani ndani yake mna hesabu inayotufaa hata sisi.

MAGARI YA MISULI

Wengi wao hupenda kujenga magari ambayo Wamarekani huyaita "magari ya misuli". Maana yake nini? Ni gari la kawaida, la ukubwa wa wastani, lakini limetiwa injini kubwa. Kwa hiyo lina nguvu nyingi na mbio sana.

Gari moja lililovuma sana ni Pontiac GTO la mwaka 1964. Injini yake ilikuwa na silinda 8 na ukubwa wa lita 6.4. Nguvu yake ilikuwa ya farasi 325. Mwaka huo wa kwanza yaliuzwa magari 32,450. Vijana waliyapenda mno.

Lakini sifa hizo hazikudumu. Mwaka 1970 Marekani ilitunga sheria kali juu ya moshi wa magari. Bima ya magari hayo ikapanda. Mwaka 1973 bei ya mafuta ikaruka. Gari lenye kiu kubwa ya petroli likawa mzigo kwa mwenye nalo. Hata jina la Pontiac lenyewe halipo tena. Kampuni ya General Motors iliacha kutengeneza magari ya Pontiac mwaka 2010.

Leo gari zima la aina ile ni ghali, wengi hawaliwezi. Basi mzee aliyelitamani ujanani, au aliyepandishwa humo na baba yake, hulijenga upya kwa mikono yake, dogo dogo, juu ya meza.

GAWA KWA 25

Gari hilo huuzwa likiwa vipande vya plastiki ndani ya sanduku. Kampuni ya AMT ya Marekani ilianza kuuza masanduku ya namna hii mwaka 1958. Ndani mna karatasi ya maelezo yenye namba: kwanza hiki, kisha kile. Asiyeifuata karatasi hiyo atagundisha kiti kabla ya sakafu.

Juu ya sanduku imeandikwa 1/25. Hiki ndicho kipimo, nacho ndicho bwana wa kazi yote. Maana yake ni hii: kila kitu cha gari la kweli kimegawanywa kwa 25.

Tufanye hesabu pamoja. GTO la kweli lina urefu wa sentimita 515 hivi. Gawa kwa 25. Unapata sentimita 20 na milimita 6. Mtu mwenye urefu wa sentimita 175 angekuwa na urefu wa sentimita 7 tu, kama kidole chako!

Sasa ukikosea kipimo mahali pamoja, jicho litajua. Huenda mtazamaji asiseme kosa ni nini. Lakini ataona kwamba hiki ni kitu cha kuchezea, si gari.

KAZI YENYEWE

Kwanza, mjenzi huosha vipande kwa maji ya sabuni. Plastiki hutoka kiwandani ikiwa na mafuta ya kalibu, na rangi haishiki penye mafuta. Kisha hukata vipande polepole, hukwangua mishono iliyoachwa na kalibu, husugua kwa msasa laini.

Pili, hupaka rangi. Hapa ndipo wengi huharibu. Rangi nzito huziba mifereji midogo ya milango, na mlango ukapotea. Basi anapuliza rangi nyepesi, anangoja ikauke, anapuliza tena. Mwenye haraka hugusa rangi mbichi, na alama ya kidole chake inabaki pale. Haraka haraka haina baraka.

Tatu, hugundisha. Gundi ya plastiki haishikishi kama uji wa unga. Huyeyusha kidogo vipande viwili mpaka vikawa kimoja. Tone likidondokea kioo cha gari, kioo kimeharibika. Kwa hiyo kwenye vioo hutumia gundi nyeupe isiyoyeyusha plastiki.

Nne, huongeza vitu vidogo ambavyo havikuwamo sandukuni. Kwa mfano, nyaya za plagi. Katika gari la kweli waya huo una unene wa milimita 7 hivi. Gawa kwa 25: haufiki hata theluthi moja ya milimita. Mjenzi hutafuta waya mwembamba kama unywele, hutoboa matundu kwa kekee ndogo sana, na kuzipachika nyaya moja moja.

Tena hazipachiki ovyo. Injini ya Pontiac huwasha silinda zake kwa mpangilio huu: 1, 8, 4, 3, 6, 5, 7, 2. Mjenzi hodari hufuata mpangilio huo huo. Lakini injini ile ni ya plastiki! Haitawaka hata siku moja. Tena akimaliza hufunga boneti, na wengi hawataiona kamwe.

Kwa nini basi ajisumbue? Kwa sababu yeye mwenyewe anajua. Amesema anajenga GTO, basi iwe GTO, hata pale pasipoonekana. Hata kwetu fundi anayenyoosha tofali litakalofunikwa na lipu ni fundi wa namna hiyo. Nyumba yake haipasuki.

TAHADHARI

Gundi hii na rangi za kupuliza zina mvuke wenye sumu. Fundi hufungua madirisha, au hufanyia kazi hiyo nje, na huvaa kinga puani. Hafanyi karibu na moto. Huko Marekani, katika miaka ya 1960, vijana walianza kuvuta gundi za namna hii ili walewe, na wengine walikufa. Kwetu pia, mijini, tunawaona watoto wakivuta gundi ya viatu. Inaharibu ubongo. Mzazi, gundi yako iweke mbali, kama unavyoweka dawa ya mimea.

NASI TUNAPATA NINI?

Pengine utasema, "Mimi sina plastiki wala kekee." Sawa. Lakini hesabu unayo. Hesabu ile ile ya 1/25 ndiyo iliyomo katika mchoro wa nyumba na ramani ya shamba, ila namba hubadilika. Ramani ikiandikwa 1/2500, sentimita moja katika karatasi ni mita 25 shambani. Mtu asiyejua hayo huonyeshwa karatasi, akaambiwa, "Mpaka wako ni hapa," naye akatia sahihi. Anayejua huchukua rula, hupima, huzidisha, kisha huenda shambani na kamba yake. Hapo hadanganyiki.

Basi mara nyingine ukimwona mtoto anakunja waya wa gari, usimfukuze. Mpe rula. Mwulize, "Gari la kweli lina urefu gani? Lako je? Umegawa kwa ngapi?"

MASWALI

1. Mlango wa nyumba una urefu wa sentimita 200. Katika mfano wa 1/25 utakuwa na urefu gani?
2. Meza ya mfano wa 1/25 ina urefu wa sentimita 4. Meza ya kweli ina urefu gani?
3. Katika ramani ya 1/2500, upande mmoja wa shamba ni sentimita 3. Shambani ni mita ngapi?

Majibu: 1. Sentimita 8. 2. Sentimita 100, yaani mita moja. 3. Mita 75.