Fahamu: Je, protini ya maharage inahesabiwa unapojenga misuli?

Inahesabiwa, tena yote. Wapo makocha wa gym wanaowaambia vijana wahesabu nyama, mayai na maziwa tu, kana kwamba maharage ni ya kujaza tumbo. Wanakosea.

Anayenyanyua vyuma hushauriwa kula takribani gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 70 anahitaji gramu 112 hivi. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama 15.

Chembe ya ukweli ipo: protini ya mimea humeng'enywa kwa kiwango cha chini kidogo, na mahindi yana upungufu wa lisini, mojawapo ya asidi amino zinazounda protini, ambayo maharage yanayo tele. Methionini, asidi amino nyingine iliyo kidogo kwenye maharage, mahindi huiongeza. Makande, basi, yanastahili heshima kuliko tunavyoyapa. Wala si lazima vikutane sahani moja, mradi uvile siku hiyo.

Utafiti wa Brazil uliochapishwa 2021 ulifuatilia vijana kwa wiki 12 za mazoezi. Wasiokula chochote cha wanyama, wakiongezewa protini ya soya, walijenga misuli sawa na wala nyama. Makundi yote yalilenga gramu 1.6.

Kikwazo ni wingi: gramu 112 kwa maharage pekee ni vikombe zaidi ya 7. Changanya na soya, karanga na choroko. Mwenye maradhi ya figo amwone daktari kwanza.