Okapi Hana Haja ya Shingo Ndefu



Hapa Bengamisa hadithi bado zinatolewa jioni karibu na moto, na shujaa ni Mboloko. Mwili wake ni mdogo, lakini anamshinda Chui kwa akili. Watoto wanampenda, juu wao pia ni wadogo. Ni vizuri. Lakini Mboloko anashinda mara nyingi kwa kudanganya, na mwenzake mzito anabaki kuchekwa. Mtoto mzito anayesikiliza pale anapata nini?

Kuko tena zile hadithi ambamo mnyama anayechekwa anageuka mzuri mwishoni. Mimi sizipendi sana. Mtoto mwenye mguu mbaya atangoja mguu unyooke, na pengine hautanyooka.

Kwa hiyo natoa hadithi ya Okapi, mnyama wa pori letu wenyewe, yule ambaye Radio Okapi inaitwa kwa jina lake tangu 2002. Mwaka 1901 wataalamu wa London, wakiwa na vipande vya ngozi tu, walimwandika kuwa ndugu ya farasi. Mafuvu yalipofika wakaona: kumbe ni wa jamaa ya twiga! Wambuti wa Ituri hawakungoja London. Walimjua tangu zamani.

Basi, siku moja wanyama walimcheka: “Weye ni nani? Nyuma punda-milia, mbele twiga aliyekatwa shingo!” Okapi akaenda mbali, kwenye nchi ya majani, kumwomba Twiga shingo. Twiga akamwambia: “Ndugu yangu, na shingo hii utapita wapi chini ya miti yenu?” Okapi akarudi. Alipoingia porini, Chui alikuwa akipita. Okapi akasimama kimya. Mule jua linaingia vipande vipande kati ya majani, na milia yake nayo ni vipande vya mwanga na giza. Chui akapita. Okapi akatoa ulimi wake mrefu, akajipangusa macho mpaka masikio, akaendelea kula.

Hapo nanyamaza. Nauliza tu: “Angepata shingo ile, Chui angefanya nini?” Watoto wanajibu wenyewe, tena kwa kelele.

Kwa nini nasumbuka na wanyama? Kwenye machimbo ya dhahabu na diamanti ya Banalia watu wanatoka pande nyingi, kila mmoja na lugha yake. Mtoto mwenye kigugumizi, ao anayependa kukaa peke yake, anapewa kwanza jina la kicheko. Halafu siku moja mali inakosekana shimoni, ao mtoto wa jirani anakufa, na jina linageuka: “Mutoto huyu ni ndoki.” Njia kati ya majina hayo mawili ni fupi sana, na wengine wanafukuzwa nyumbani, wanaishia barabarani Kisangani. Hata wachungaji wengine wanasaidia kazi hiyo! Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 imeweka azabu. Lakini sheria haiketi na watoto jioni. Hadithi inaketi.

Vijana mnaofundisha watoto Jumapili, mnapocheza hadithi hii, msimpe yule anayetembea polepole nafasi ya Kobe kila mara. Mwacheni achague. Pengine atataka kuwa Chui. Mpeni.