Fungueni Hivyo Vitambaa

Kila mwaka, wiki chache kabla ya mazoezi ya kufundisha, wanachuo wangu wa elimu ya michezo huniuliza: "Mwalimu, siku ya vitambaa ni lini?" Wamesikia kuwa kwingine walimu tarajali hufungwa macho saa nzima wakapapasa uwanjani, kisha wakahesabiwa wameiva kufundisha watoto wenye ulemavu. Kwangu siku hiyo haipo, na nimechoka kueleza sababu mmoja mmoja.

Ukifungwa macho ghafla unachojifunza ni hofu tu. Unajikwaa, unanyoosha mikono, moyo unadunda. Mtoto asiyeona tangu kuzaliwa hayuko huko. Anaijua shule yake kwa miguu, anawatambua wenzake kwa sauti na mwendo, na mpira ukidunda anajua umeelekea wapi. Wewe umeonja ugeni wako, si maisha yake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulipima mazoezi ya aina hii: washiriki walitoka na huruma na wasiwasi mwingi, lakini mtazamo wao kuhusu kuchangamana na wenye ulemavu haukuboreka.

Na huruma hiyo ndiyo inayoharibu kipindi. Mwalimu aliyejaa huruma humkalisha mtoto chini ya mwembe ahesabu magoli na kulinda viatu vya wenzake, kisha kwenye andalio la somo anaandika "ameshirikishwa". Hajashirikishwa! Ibara ya 30 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 inampa haki ya kucheza sawa na wenzake, shuleni pia. Na uwezo upo: mwaka 2000, kwenye Paralimpiki ya Sydney, Mkenya Henry Wanyoike, asiyeona, alishinda mita 5,000 huku akimkokota mwongozaji wake aliyekuwa mgonjwa. Saa moja ya kitambaa haiwezi kukuonyesha uwezo huo.

Mahali pa kitambaa ni kwenye golboli, mchezo wa wasioona: wachezaji wote huzibwa macho, mpira una njuga, na mistari ina kamba chini ya utepe ili iguswe.

Kwenye michezo mingine, shikeni haya. Badilisha eneo, zoezi, vifaa au wachezaji, si mtoto. Tia vizibo vya soda ndani ya mpira wa chandimu ulie. Kwa kiziwi, inua kibendera pamoja na filimbi. Mwenye ualbino acheze asubuhi, kofia pana, mikono mirefu, mpira wa rangi kali. Mwenye sindromu ya Down asipige sarakasi kabla daktari hajampima shingo. Mwenye kifafa acheze. Akiogelea, awepo mtu wa kumwangalia yeye tu. Asiyetembea aingie voliboli ya kukaa, na wote wakae.

Wanachuo wangu hufundisha mtoto yuleyule wiki baada ya wiki, kwenye shule yenye kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu. Siku ya kwanza hawabebi filimbi. Wanamuuliza: "Nyumbani huwa unacheza nini?"