Binti Akichagua Mkondo wa Sanaa

Mwezi wa Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na katika nyumba nyingi za Waislamu limezuka swali ambalo wazee wetu hawakupata kuulizwa. Sekondari pevu ina mikondo mitatu. Wa kwanza ni wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Wa pili ni wa sayansi za jamii. Na wa tatu ni wa sanaa na sayansi ya michezo. Huu wa tatu ndio uliobeba sanaa za ufundi, yaani uchoraji, upakaji rangi, uchongaji na jamaa zake, na ndio unaowatia kiwewe akina baba wengi, na akina mama wasiokuwa wachache.

Baada ya sala ya Ijumaa katika msikiti wa Jamia, katikati ya jiji la Nairobi, alinijia baba mmoja mkazi wa Kangemi, mtu wa asili ya pwani. Binti yake yumo Gredi ya 9. Tangu utotoni mkono wake ni mwepesi. Siku za arusi maharusi wa mtaani humtaka yeye awapake hina na piko. Sasa anataka kusomea sanaa. Mama yake ameridhia, baba amekataa. "Sheikh," akaniambia, "nimpeleke mwanangu akachonge masanamu?" Alitaraji jawabu la neno moja, nami nikamwomba tuketi.

Wanavyuoni hawakuiweka sanaa yote katika kapu moja. Sanamu kamili la kiumbe mwenye roho, lenye kivuli, jumhuri ya wanavyuoni wamelikataza. Picha ya kiumbe iliyochorwa juu ya karatasi au nguo ina khilafu: wako wa madhehebu ya Maliki walioiona kuwa makuruhu tu, na madhehebu yetu ya Shafii ni makali zaidi. Ama miti, milima, majengo, maandishi na nakshi, mlango uko wazi. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba mtu aliyekuwa akila kwa kazi ya kutengeneza picha alimjia Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, akataka fatwa. Ibn Abbas alimsomea onyo alilolisikia kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kisha akamwelekeza kwamba ikiwa hana budi na kazi yake, basi achore miti na visivyo na roho. Zingatia, ewe mzazi: hakumwamuru autupe ufundi wake. Alimwonyesha pa kuuelekeza.

Na sisi watu wa pwani ndio wa mwisho kustahili kudai kuwa sanaa ni ugeni. Mihrabu ya Kizimkazi, Unguja, ina maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Siyu walinakili misahafu kwa mkono wakaitia mapambo ya wino wa rangi. Zidaka za Lamu na milango yake ya nakshi ni kazi ya watu waliojua hesabu ya duara na mstari kabla ya kushika patasi. Huko huko Nairobi, msikiti tuliokuwa tumeketi, uliojengwa kati ya 1925 na 1933, aya zimeandikwa juu ya kuta zake kwa khati ya kupendeza. Nilimwambia baba yule amchukue binti waende kwa miguu hadi jumba la kumbukumbu za taifa, Moi Avenue, walitazame jumba la sanaa la Murumbi, kisha Nairobi Gallery iliyo karibu na Nyayo House, katika jengo la 1913. Si kila kilichomo humo kitamridhisha. Lakini ataona binti yake anasimama mbele ya kitu gani, na hilo ni bora kuliko kukisia.

Hofu yangu mimi iko kwingine. Katika sekondari pevu mwanafunzi hachagui somo moja peke yake. Kiingereza, Kiswahili, hisabati na mafunzo ya huduma kwa jamii ni ya lazima. Kisha huongeza masomo matatu ya hiari, na katika mkondo huu sanaa za ufundi huoanishwa mara nyingi na muziki na densi, au na maigizo na filamu. Mzazi anayebishana juu ya kalamu ya risasi asishangae baadaye binti akitakiwa jukwaani. Usomeni mseto wote wa masomo, neno kwa neno, kabla ya kuthibitisha.

Tena si kila shule inayo mikondo yote mitatu. Wakazi wa upande wa magharibi wa jiji, kuanzia Kileleshwa na Westlands hadi Kangemi, wana shule kubwa za bweni jirani na nyingine za kutwa, lakini ukaribu wa shule haukuambii kama chumba cha sanaa kipo na mwalimu wake yupo. Nendeni, baba na mama pamoja. Ombeni kuziona kazi za wanafunzi. Muulizeni mwalimu kama msichana anaweza kutimiza kazi zake za mradi kwa khati, nakshi, vitambaa na michoro ya majengo, na kama mazoezi ya kuchora mwili wa binadamu yana mbadala. Mwalimu mwungwana hatachukizwa na swali hilo.

Jambo moja la riziki, maana nalo huulizwa. Anayetaka kuwa msanifu majengo ajue kwamba vyuo vikuu vyetu kwa desturi hudai hisabati na fizikia. Huyo mkondo wake ni wa sayansi, na kuchora kwake kutamfaa huko huko. Anayetaka usanifu wa vitambaa, wa vitabu, wa matangazo au wa ndani ya nyumba, huyo sanaa ni njia yake ya moja kwa moja.

Baba wa Kangemi hakuniahidi kitu. Aliniuliza tu kama alama za mtihani wa Gredi ya 9 ndizo pekee zitakazoamua. Nikamjibu kuwa mtihani huo una uzito wa asilimia 60. Asilimia 20 hutoka mtihani wa Gredi ya 6, na 20 nyingine hutoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Akaandika tarakimu hizo nyuma ya risiti, akaikunja, akaitia mfukoni mwa kanzu.