Spea rahisi yaweza kukugharimu mguu

Waendeshaji na abiria wa bodaboda wa Sigowet wana mengi ya kujua kuhusu cheni, breki na mifupa

UKISIMAMA Sigowet jioni, mvua ikiwa imekwisha kulowesha udongo, utaziona pikipiki zikipita moja baada ya nyingine. Hii imebeba magunia ya majani chai, ile imebeba mama na mtoto mgongoni, na nyingine inamkimbiza mgonjwa hospitalini. Ukitega sikio utausikia pia mlio wa cheni iliyolegea ikigonga kifuniko chake. Wengi wetu tumeuzoea hata hatuusikii tena.

Ndugu msomaji, mlio huo ni dalili ya ugonjwa, na anayeugua si pikipiki peke yake. Cheni hiyo ikikatika katika mteremko wa kuelekea Sondu, atakayelazwa wodini ni mwendeshaji au abiria wake. Mara nyingi watu husema kijana alikuwa na mbio. Huenda ni kweli. Lakini ni wachache wanaouliza breki zake zilikuwa za aina gani, na zilinunuliwa wapi.

Bodaboda ilianza kama baiskeli za kuvusha watu na mizigo mpakani Busia. Mwaka wa 2008, serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki za injini ndogo, na tangu hapo zikaenea hadi vijiji ambavyo matatu haifiki. Pamoja nazo likaja soko kubwa la vipuri. Vipo vilivyotengenezwa na kampuni ya pikipiki yenyewe. Vipo vya kampuni nyingine ambavyo ni vizuri na bei yake ni nafuu. Na vipo vya bandia, vilivyotiwa katika pakiti yenye jina la kampuni isiyovijua.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema mwaka wa 2023 kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka. Kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua wengi zaidi.

KWA NINI HUVUNJIKA

Chuma cha spea nzuri hupikwa kwa moto na kupozwa kwa utaratibu maalumu ili kiwe kigumu bila kuwa chepesi kuvunjika. Kazi hiyo ina gharama. Anayetaka kuuza kwa bei ya chini kabisa huiruka. Kwa macho, spea mbili zaweza kufanana kama mapacha, lakini moja huchakaa kwa wiki chache tu.

Tena njia zetu haziisaidii spea dhaifu. Udongo mwekundu ukichanganyika na maji huwa kama msasa ndani ya cheni. Mashimo hupiga beringi na spoki. Na pikipiki iliyoundwa kubeba watu wawili ikipakiwa watu watatu na gunia, kila nati huvutwa kupita kiasi. Spea ambayo ingedumu kwenye lami tambarare hukatika upesi katika vilima vya majani chai.

CHENI

Cheni ikikatika yaweza kuanguka chini bila madhara. Bahati ikiwa mbaya, hujikunja kwenye sproketi na kulifunga gurudumu la nyuma ghafla, pikipiki ikateleza na kumlalia mwendeshaji mguuni.

Ikague kila asubuhi, injini ikiwa imezimwa. Isukume juu na chini kwa kidole katikati ya sproketi mbili. Kwa pikipiki nyingi ndogo, mchezo wake uwe sentimita 2 hadi 3, lakini fuata kijitabu cha pikipiki yako. Kisha ivute cheni kuelekea nyuma pale inapozunguka sproketi kubwa. Ikiachana na meno hata ukaona nusu ya jino, imekwisha. Meno ya sproketi yakiwa yamechongoka na kupinda kama ndoano, badilisha sproketi zote mbili pamoja na cheni, kwani sproketi mbovu huila cheni mpya.

Angalia pia klipu ya kiungo cha cheni. Upande wake uliofungwa uelekee kule cheni inakokwenda. Klipu iliyowekwa kinyume huweza kuchomoka njiani.

Usisafishe wala kupaka cheni mafuta injini ikiunguruma. Kitambaa hunaswa mara moja, na vidole hufuata kabla hujaweza kuuvuta mkono.

BREKI

Brekishu ni kipande cha chuma kilichogandishwa utando mgumu unaosuguana na dramu ya gurudumu. Katika spea hafifu, gundi hushindwa na joto. Utando hubanduka, na breki hukosa nguvu au hukwama. Waya wa breki nao huanza kukatika uzi mmoja mmoja, kwa kawaida karibu na mkono wa breki. Ukiona hata uzi mmoja umechomoza, usingoje mwisho wa mwezi.

Wako waendeshaji ambao, ili kuokoa petroli, huzima injini au huweka gia huru na kuiachilia pikipiki iteremke. Hapo mzigo wote huangukia breki. Breki hupata moto, na breki yenye moto hupoteza nguvu hata ikiwa ya kampuni bora. Teremka ukiwa katika gia ya chini, injini ikikusaidia kuzuia.

Nawe fundi, usipulize vumbi la dramu kwa mdomo wala kwa pampu ya hewa. Baadhi ya brekishu zimetengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likivutwa kwa miaka huleta makovu ya mapafu na saratani. Lowesha kwa maji, kisha futa kwa kitambaa kibichi.

MGUU WA MTOTO NA SPOKI

Mtoto aliyepakatwa au kuketishwa nyuma miguu yake haifiki kwenye vikanyagio. Huning'inia karibu na gurudumu, na mara kisigino huingia katika spoki. Ngozi ya kisigino huchunika, na mara nyingine mfupa huvunjika. Kidonda cha namna hiyo huchelewa kupona.

Nchini India, zinakotoka nyingi za pikipiki tunazotumia, kanuni za mwaka 1989 zinataka gurudumu la nyuma liwe na kinga ya kuzuia nguo za abiria zisinaswe. Hapa kwetu chuma hicho mara nyingi hung'olewa ili kupata nafasi ya mizigo, au huvunjika na kisirudishwe. Kirudishe. Fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza kwa muda mfupi. Na wewe mama, kusanya leso, shuka na ncha za koti la mvua kabla ya kupanda. Nguo iliyofungwa shingoni ikinaswa na gurudumu huweza kuua.

KOFIA NAYO NI SPEA

Mwaka 1935, askari na mwandishi Mwingereza T. E. Lawrence alifariki baada ya kuanguka na pikipiki. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Kifo hicho kilimfanya achunguze majeraha ya kichwa ya askari waliopeleka ujumbe kwa pikipiki, na mwaka 1941 alichapisha matokeo yaliyoonyesha faida ya kofia ngumu. Uchunguzi uliofuata umethibitisha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Lakini iwe kofia kweli. Ndani pawe na povu gumu lililojaa pande zote. Hilo ndilo linalopokea kishindo. Ganda tupu lenye sponji laini halina kazi. Mkanda ufungwe chini ya kidevu. Kofia iliyokwisha kuanguka katika ajali itupwe, hata kama haina ufa unaoonekana. Abiria wengi huikataa kofia kwa kuogopa chawa na mapunye. Dawa yake ni kitambaa safi kichwani, kisha kofia juu yake.

IKITOKEA NJIANI

Cheni ikikatika bila kulifunga gurudumu, breki zako bado zipo, ya mbele na ya nyuma. Shika usukani imara, nenda moja kwa moja na upunguze mwendo taratibu. Gurudumu la nyuma likifungwa, usikate kona.

Waya wa breki ya mbele ukikatika, tumia ya nyuma na ushuke gia moja moja. Usizime injini. Lakini waya wa mafuta ukikwama na pikipiki ikazidi kwenda mbio, hapo ndipo pa kushika klachi na kuzima injini.

UKIMKUTA MAJERUHI

Kwanza zuia magari na pikipiki zinazokuja, wasiongezeke majeruhi. Omba msaada kwa simu 999 au 112. Gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu hupatikana kwa 1199.

Usimwinue na kumkalisha katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Shingo iliyovunjika ikipindwa, mtu hupooza. Kama anapumua vizuri, mwache na kofia yake na ushikilie kichwa kisicheze.

Damu ikitoka kwa wingi, kandamiza kwa kitambaa safi bila kuachilia. Mfupa ukiwa umetokeza nje, usiurudishe ndani wala usipake udongo, majani au mafuta. Funika kwa kitambaa safi, funga mguu na ubao juu na chini ya mahali palipovunjika, kisha safari. Mfupa uliotoka nje unahitaji dawa ya kuua viini mapema, ikiwezekana ndani ya saa moja, pamoja na kuoshwa vizuri hospitalini na sindano ya pepopunda. Mgonjwa akicheleweshwa, usaha huweza kuingia ndani ya mfupa na kukaa miaka.

Kidole kilichokatika kifunge katika kitambaa safi kibichi, kitie ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ndio uwekwe juu ya barafu. Aliyechomwa na ekzosi amwagiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Unga na dawa ya meno havifai.

Aliyegonga kichwa aangaliwe usiku kucha hata kama amesimama na kusema yu mzima. Damu huweza kuvuja polepole ndani ya fuvu. Akitapika mara kwa mara, akisinzia kupita kiasi, akisema maneno yasiyoeleweka, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au maji yakimtoka puani au masikioni, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

TAHADHARI YA BANZI

Katika vijiji vyetu wapo wazee wanaosifika kwa kuunga mifupa, na watu huwaendea kwa sababu hawadai mengi. Hatari kubwa iko katika kukaza banzi. Mguu uliovunjika huvimba. Banzi lisipolegezwa, damu haifiki vidoleni, nyama hufa, na mgonjwa huletwa hospitalini wakati wa kukata tu. Vidole vikiwa baridi, vikififia rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi kila saa, legeza kamba mara moja na umpeleke kwa daktari. Hata plasta ya hospitali yaweza kubana vivyo hivyo. Rudi nayo bila kungoja tarehe ya kliniki.

Tiba ipo. Mfupa wa paja ambao zamani ulimfanya mtu alale kitandani wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzito, leo huweza kuwekwa chuma ndani na mgonjwa akaanza kutembea kwa magongo baada ya siku chache. Shirika la SIGN la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999, hutoa vyuma vinavyoweza kuwekwa bila mashine ya eksirei katika chumba cha upasuaji. Hospitali ya Tenwek, Bomet, ni mojawapo ya zinazovitumia. Hakikisha pia umejiandikisha na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kabla hujaumia.

NANI ANUNUE?

Vijana wengi wanaendesha pikipiki za watu. Kila jioni lazima wapeleke hesabu kwa mwenye pikipiki. Cheni ikiisha, kijana hununua ya bei ya chini, kwa kuwa fedha zinatoka mfukoni mwake. Mwenye pikipiki naye haoni sababu ya kugharamia. Mapatano hayo ndiyo yanayovunja miguu. Elewaneni tangu mwanzo kwamba cheni, breki na tairi ni za mwenye mali, na kwamba fedha kidogo zitengwe kila siku kwa ajili hiyo.

Unaponunua, nenda duka linalotoa risiti na litakalokuwapo wiki ijayo. Linganisha spea mpya na ile ya zamani kwa uzito, unene na maandishi. Jina la kampuni lililokosewa herufi ni ishara ya bandia. Bei iliyo chini mno kuliko ya maduka yote pia ni ishara. Ukiuziwa spea bandia, ipo Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Peleka malalamiko yako pamoja na risiti.

Na wewe abiria usiyejua spana wala nati, una haki ya kuuliza. Kabla ya kupanda, mwambie kijana abane breki zote mbili, na uitazame cheni. Akikasirika, ngoja nyingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mguu hujengwa kwa miezi mingi.